Korosho Kitandani, Mwenye Korosho Sakafuni

Juzi nilimsindikiza jirani yangu hospitali. Mguu ulikuwa unamsumbua kwa muda mrefu, toka kiunoni mpaka kisiginoni. Tukakaa benchi, tukaitwa, tukaingia. Kijana aliyetupokea alikuwa msafi, koti jeupe limepigwa pasi, na maswali yake yalikuwa mazuri tu: panauma wapi, toka lini, panachoma au panavuta, ukiinama inakuwaje. Akaandika dawa. Nikasubiri swali langu, halikuja. Tulipofika mlangoni uvumilivu ukanishinda, nikarudi.

"Mwanangu, hujamuuliza analalaje."

Akatabasamu kama mtu anayemtuliza bibi yake. "Mama, huyu amekuja na mguu. Hajaja na usingizi."

Nilitoka pale masikio yanawaka. Njia nzima kwenye bajaji jirani yangu ndiye aliyekuwa akinipoza mimi, badala ya mimi kumpoza yeye. Nilipofika nyumbani sikunywa hata chai, nikaanza kuandika haya.

Basi nawaandikia nyie mnaoanza kazi: wauguzi, matabibu, na hasa nyie wa fiziotherapia, kazi niliyoifanya Mtwara tangu nilipopangiwa huku nikiwa msichana, nimetoka kwenye baridi ya Tukuyu na masweta mawili ambayo sikuyavaa tena maishani. Wagonjwa wetu hawakujisumbua na jina hilo gumu la idara. Walisema wanakwenda "kwenye mazoezi", na mimi nikaitwa Mama Mazoezi, jina ambalo watoto wangu waliona haya nalo shuleni. Sasa nimestaafu, hakuna bosi wa kuniita ofisini, kwa hiyo nitasema nitakavyo.

Kinachoniudhi ni hiki. Maumivu ya muda mrefu na usingizi mbovu vinatembea pamoja, kila siku, kwenye kila benchi la hospitali, na sisi tunakipokea kimoja na kukiacha kingine nje. Mwili uliokosa usingizi unakuwa mkali kwa kila kitu. Kinachomgusa kidogo mtu aliyelala kinamchoma mtu aliyekesha. Anayeumwa halali, asiyelala anaumwa zaidi, kesho yake tena hivyo hivyo, mpaka mtu anasahau kipi kilianza. Unaweza kumpa dawa ya maumivu, ukamkanda, ukamnyoosha, na ukampa mazoezi mazuri kabisa. Kama anarudi nyumbani kugeukageuka mpaka jogoo awike, unachota maji kwa ndoo iliyotoboka.

Sisemi usingizi unatibu kila kitu. Aliyevunjika amevunjika. Na mgonjwa wa mgongo anayekwambia miguu inaingia ganzi, au mkojo unamtoka bila yeye kujua, huyo msimhubirie habari za mito na magodoro, mkimbizeni kwa daktari. Nasema juu ya wale wengine, wengi, wanaokuja mwezi hadi mwezi, ambao tumewachoka na wao wametuchoka.

Aliyenifungua macho ni Mzee Chilumba, Mmakonde wa Newala, aliyekuwa mkuu wa idara yetu nilipofika. Mikono yake ilikuwa mikubwa kama ya mpiga makasia na ulimi wake ulikuwa mkali zaidi ya mikono. Kulikuwa na mpakia mizigo wa bandarini aliyekuja kwangu kwa bega. Nilimkanda yule baba, nikamuwekea taa ya joto, nikamfundisha mazoezi ya kamba na ya fimbo. Anapata nafuu leo, kesho amerudi vile vile. Mimi nilishaanza kumhisi kwamba anataka kukwepa kazi. Mzee Chilumba akapita, akasikiliza kidogo, akamwambia, "Panda kitandani hapo, nionyeshe unavyolala nyumbani."

Yule baba akapanda kwa aibu. Akalala ubavu wa kushoto, juu ya bega lile lile bovu, mkono ameukunja chini ya kichwa kama mto, magoti amekunja mpaka tumboni. Tukamuuliza kwa nini hivyo. Akasema kitanda ni kimoja, watoto wanalala upande wa miguuni, na mama yao yuko upande wa ukutani na mtoto mchanga. Nafasi yake ni hiyo. Na kabla hatujamaliza kumshangaa, akasinzia. Akalala kabisa, akaanza kukoroma, na foleni nje imefika mpaka kwenye mlango wa maabara.

Watu wakaanza kelele. "Huyo amekuja kutibiwa au kulala?" Mzee Chilumba akavuta pazia, akasimama mbele yake kama mlinzi. "Atakayemwamsha ndiye atakayemtibu," akasema. Tukahamia kwenye mkeka wa mazoezi, tukaendelea na wengine. Yule baba alipoamka akainua mkono, akauangalia, akauinua tena. "Daktari," akaniambia, "umenichoma sindano gani?" Tulicheka mpaka machozi, lakini mimi nilicheka kwa aibu kidogo pia. Tukamwelekeza abadilishe ubavu, akumbatie bunda la nguo kuukuu ili bega lisining'inie, na watoto wakatandikiwa chini. Bega halikupona kwa muujiza, lakini sasa mazoezi yangu yalipata pa kushika.

Kwa hiyo nawapa swali la Mzee Chilumba, nalo ni la bure: nionyeshe unavyolala. Msiulize "Unalala vizuri?" Huku kwetu ukimuuliza mtu hivyo, Mwislamu atakujibu Alhamdulillah, Mkristo atakujibu namshukuru Mungu, na wote wawili hawajafumba jicho. Mtu anaona kulalamikia usingizi ni kukosa shukrani, au ni kujidekeza. Muulize ameamka mara ngapi. Muulize asubuhi anaamka na nguvu au anaamka kama aliyepigwa. Muulize nani mwingine yuko kitandani, na kitanda chenyewe kiko wapi. Mpandishe kitandani akuonyeshe. Mwili haujui adabu ya kuficha.

Nakuja kwa Bi Somoe, maana bila yeye nisingekuwa na hasira ya kutosha kuandika.

Bi Somoe alikuwa mjane wa kijijini huko Nanyamba, mkulima wa korosho, anaishi na binti yake Zuhura. Mgongo wake ulikuwa umemtesa miaka. Alishafika hospitali, akapigwa picha, akaambiwa maneno ambayo natamani yapigwe marufuku: "Mama, huna kitu." Aliyesema alitaka kumwambia mfupa haujavunjika. Lakini maneno hayo yalipofika kijijini yalikuwa na maana nyingine. Hana kitu. Yaani anasingizia.

Na huko kijijini kulikuwa na mjomba wake, Mzee Saidi. Kwa watu wa huku, mjomba ndiye mwenye sauti kwenye mambo ya ukoo wa mama, na shamba la Bi Somoe lilikuwa la mama yake. Mikorosho ile aliipalilia toka ana mtoto mgongoni. Mzee Saidi akatangaza kwamba msimu ukiisha watakaa kikao, na shamba atapewa mpwa mwingine, Hamza, mwenye nguvu zake. Hoja zake zilikuwa mbili. Ya kwanza, Bi Somoe analala mchana kama paka. Ya pili ndiyo iliyomuuma zaidi mzee: Bi Somoe hamwamkii kwa adabu. Huku mwanamke akimwamkia mkubwa wake anapiga goti. Bi Somoe alikuwa anaamkia amesimama, ameshika fremu ya mlango. Mzee akakiita kiburi.

Mimi nilimkuta kwenye huduma ya mkoba, siku ambazo tulikuwa tunatoka Mtwara kwenda vijijini. Alisema kila kitu kwa sauti ya chini na akamaliza kwa kuniomba dawa kali, yoyote ile, imfikishe mwisho wa msimu.

"Twende nyumbani kwako," nikamwambia. "Nataka kuona unapolala."

Tukaingia chumbani. Kitanda kilikuwepo, kikubwa, cha mninga, miguu imechongwa. Juu ya chaga magunia ya korosho yamepangwa mpaka nusu ya ukuta. Pembeni, godoro jipya limesimamishwa, bado limo kwenye nailoni yake ya dukani. Na nyuma ya mlango, kwenye sakafu ya saruji, mkeka mmoja na kanga mbili.

"Nani analala hapo chini?"

"Mimi, daktari."

"Na kitandani?"

"Korosho. Korosho ikilala chini inashika unyevu, ikifika ghalani kusubiri mnada inashushwa daraja."

"Na wewe ukilala chini?"

Bi Somoe alicheka mpaka akashika kiuno. "Mimi kwani napelekwa mnadani?"

Nikauliza habari za godoro. Akasema lile ni la Rashidi, mwanawe aliye Dar es Salaam, alilileta ili siku akija na mke wake wapate pa kulala. Nikauliza amekuja mara ngapi toka alilete. Akasema hajaja bado, ana kazi nyingi. Godoro lilikuwa limeshapata vumbi juu ya nailoni.

Wanangu, mimi ni mtu wa kanisani, lakini siku ile nilisema maneno ambayo Zuhura alijifanya hakuyasikia. Korosho zinapewa kitanda. Mgeni asiyekuja anapewa godoro. Mwanamke aliyezilima korosho na kumzaa mgeni anapewa saruji. Na katika nyumba nzima hakuna aliyeona kitu cha ajabu, yeye mwenyewe akiwa wa kwanza.

Nikamwambia, "Bi Somoe, saruji hii inakumaliza."

"Mbona ninyi ndio mliniambia?" akajibu, na kwa mara ya kwanza alionekana kukasirika. "Pale hospitali. Mlisema mgongo unataka pagumu. Lala chini, mama, mlisema hivyo."

Na ni kweli, tulikuwa tunasema hivyo. Ushauri huo umezunguka hospitali na mitaani vizazi na vizazi: mgongo ukiuma lalia ubao, lala sakafuni. Aliyeuanza simjui, ningemjua ningemtafuta. Mwili unataka kushikiliwa, kiunoni na begani, siyo kuning'inia kwenye godoro lililobonyea, lakini pia siyo kugongana na saruji mfupa kwa mfupa usiku kucha. Naombeni mkimkuta mtu bado anausambaza ushauri huo, mlazeni yeye kwenye saruji wiki moja ndipo mzungumze naye.

Tulifanya kazi mchana ule. Zuhura alileta mianzi, tukamwita jirani, wakafunga uchaga chumba cha pili, korosho zikahamia huko, mbali na unyevu, na mlango ukawekewa komeo ili mama mtu asilale mlangoni kuzilinda kama askari. Godoro lilikuwa na ugomvi wake. Bi Somoe hakutaka nailoni ichanwe. Akasema basi ichanwe katikati tu, pembeni ibaki, Rashidi asije akaona limechakaa. Nilichana yote kwa mikono yangu, na sauti yake ilinipa raha kubwa.

Nikamfundisha kulala ubavu na bunda la kanga katikati ya magoti, ili nyonga isiuvute mgongo. Nikamfundisha kuamka: usijikurupushe ukanyanyuka ukiwa chali kwa nguvu za tumbo, geuka ubavu, shusha miguu, sukuma kwa mkono, kaa kidogo, ndipo usimame. Nikamwambia aamke wakati ule ule kila siku, akisinzia mchana alale kidogo aamke, afanye mazoezi yangu taratibu, na shambani aokote akiwa ameketi kwenye kigoda na kupumzika kabla mgongo haujamwamuru. Na Zuhura nikampa sharti moja. "Mama yako akipata usingizi, mtu asije akamwamsha kwa kumsimanga. Hata aje nani."

"Hata mjomba wake?"

"Hata mjomba."

Wiki za mwanzo hazikuwa nzuri, na msiwadanganye wagonjwa wenu kwamba zitakuwa nzuri. Mtu aliyezoea kukesha hajui tena kulala. Lakini nilipokuwa napita huko, nilimwona uso unafunguka. Alianza kulala kwa vipande virefu. Maumivu yalikuwepo bado, akasema, ila yalikuwa "yamekaa mbali kidogo". Akaokota korosho zake. Siyo kama zamani, siyo kama Hamza, lakini aliziokota.

Msimu ukaisha, na ile siku ya kikao ikafika. Mimi nilikuwa na wagonjwa wa kuona kijiji cha jirani, nikapitia kwake na bodaboda kwenye saa nne asubuhi. Nikakuta wazee wanne wamekaa kibarazani, Mzee Saidi katikati, fimbo katikati ya magoti. Zuhura amesimama mlangoni, mikono kifuani, hasogei.

"Afadhali umekuja, Mama Mazoezi," mzee akasema. "Uone mwenyewe. Saa hizi jua limepanda, mwenye shamba amelala anakoroma. Na mtoto ananizuia nisimwamshe, eti amri ya daktari."

"Babu, jana kulikuwa na msiba," Zuhura akasema. "Mama amekesha matangani na wanawake wenzake. Karudi alfajiri."

"Nauliza kwani mimi sikuwepo msibani?"

"Ulikuwepo, mzee," nikasema. "Na baada ya hapo ulilala mpaka saa ngapi?"

Mmoja wa wale wazee akapiga mwayo. Kijiji kizima kilikuwa kimelala asubuhi ile, nimepita nyumba zimefungwa na kuku wanazagaa bila mtu. Aliyekuwa anadaiwa maelezo ni mmoja tu. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kuyasema hayo yote, na mengine ya kuongezea, pazia la mlangoni likasogea.

Bi Somoe alitoka na alama za foronya shavuni. Akatuangalia, akaelewa kikao kimeshaanza bila yeye. Hakushika fremu ya mlango. Akatembea mpaka mbele ya mjomba wake, akapiga goti, polepole lakini mwenyewe, mikono yote miwili mapajani. "Shikamoo, mjomba." Akabaki pale chini mpaka mzee alipoitikia marahaba, kama inavyotakiwa. Kisha akainuka, goti moja kwanza, bila kushika kitu.

Zuhura alianza kulia. Mimi nilikuwa najua goti lile limegharimu nini, nikajua sasa mzee ataona.

Mzee Saidi alimwangalia alivyosimama wima. Halafu akatikisa kichwa. "Kumbe ulikuwa unaweza. Miaka yote hii, kumbe ulikuwa unaweza."

"Nilikuwa sijalala, mjomba," Bi Somoe akajibu.

Hakusikia. Yaani masikio yalisikia, yeye hakusikia. Aligeukia wenzake, akasema kwa sauti ya ukarimu, "Basi, ameacha kiburi chake na uvivu wake. Mimi nimemsamehe. Shamba abaki nalo." Wazee wakaitikia, wakamsifu kwa moyo mkubwa. Moyo mkubwa! Amemsamehe kosa ambalo hakulitenda, na ushahidi wa kosa ni kwamba sasa amepata nafuu. Alipokuwa hawezi aliitwa mwongo kwa sababu haonyeshi kidonda. Alipoweza akaitwa mwongo kwa sababu ameweza. Nikasogea mbele ya mzee nimjibu.

Bi Somoe alinishika mkono, akaubana kweli kweli. "Daktari, acha," akaninong'oneza. "Shamba limebaki. Ukimjibu atageuza."

Nikaacha. Shamba lilikuwa lake, siyo langu, na yeye ndiye aliyekuwa na haki ya kuamua nini kinastahili kunyamaziwa. Nikanywa chai yao, nikala muhogo wao, nikampa mzee mkono wa kuagana. Kwenye bodaboda nililia kwa hasira mpaka dereva akasimamisha, akaniuliza kama kuna kifo.

Bi Somoe yupo. Mgongo unamkumbusha wakati wa kupalilia, anajua sasa namna ya kuusikiliza. Rashidi alikuja hatimaye, na mke wake. Zuhura ananiambia walitandikiwa mkeka chumba cha uani, na mama mtu akapanda kitandani kwake, akasema usiku mwema, akazima taa.

Mimi bado nimekasirika. Nilipomsikia yule kijana wa koti jeupe akisema jirani yangu hajaja na usingizi, nilimwona Mzee Saidi kibarazani, ila huyu amesoma. Kwa hiyo nawaachia kazi mbili. Mgonjwa akija na maumivu yake ya siku nyingi, mpandisheni kitandani awaonyeshe anavyolala. Na siku atakapopata nafuu, ndugu zake wakasimama pale mlangoni wakisema kumbe alikuwa anaweza, msinyamaze kama nilivyonyamazishwa mimi. Wajibuni pale pale, mbele za watu, kwa sauti ya kufika barabarani: alikuwa hawezi. Alikuwa hajalala.